Mbwa wa Yaya Hakunijua

Nilifika Kalemie kwa boti la mbao kutoka Mpala, Jumatatu asubuhi, begi mgongoni na fungu la samaki wa kukaushwa mkononi. Kwetu mtu harudi nyumbani mikono mitupu, hata akiwa anarudi na aibu. Nilipanda kutoka ufukweni nikipita mahali ambapo zamani palikuwa na nyumba. Sasa ziwa limeingia mpaka ndani ya vyumba, na kuta zilizobaki zinasimama majini zikiwa na madirisha yake. Nilipanda haraka. Miguu ilikumbuka njia kuliko kichwa.

Kichwani mwangu parsele yetu, kiwanja chetu cha nyumba, ilikuwa bado ile ya utotoni: ua wa minyaa wenye matundu matatu, na kila mtoto wa mtaa alikuwa na tundu lake la kuingilia. Nilikuta lango la mabati. Nililisukuma kama mwenye nyumba, nikapaza sauti.

"Hodi wenyewe! Nimefika!"

Mbwa alitoka nyuma ya jiko. Alikuwa jike, rangi ya kutu, kifua kipana, sikio moja limechanika. Hakubweka mwanzoni. Alikuja mbio kichwa chini, na mimi, kwa akili yangu ya barabarani, nikavuta samaki mmoja kutoka kwenye fungu nikamnyoshea. Nimekula na mbwa wa kila aina, kando ya reli, kwenye maegesho ya malori, kwenye migahawa ya mabanda. Sijawahi kuona mbwa anayekataa samaki.

Huyu alipandwa na hasira. Alibweka mpaka miguu yake ya mbele ikanyanyuka, akarukia mkono wangu, akakamata mkono wa koti akauchana kama gazeti. Niliruka nyuma, lango likafungwa kati yetu, na samaki wangu wakabaki upande wake.

"Tupa ile samaki!" Ilikuwa sauti ya yaya. Yaya ndivyo tunavyomwita ndugu mkubwa, na mimi ninaye mmoja tu, dada.

"Nimeshatupa! Ni mimi, yaya!"

"Najua ni wewe. Ile mbwa njo haikujui."

Alitoka jikoni akijifuta mikono kwenye kitenge, akamshika mbwa shingoni. Alikuwa amenenepa kidogo, na nywele za mbele zimekuwa nyeupe. Tulitazamana juu ya lango. Miaka sita nilikuwa sijamwona, na mitatu kati ya hiyo mama yetu alikuwa kaburini.

"Habari?" aliuliza.

"Nzuri."

"Haya."

Ikawa basi. Kama mngemsikia yaya zamani, akisalimia mtu aliyetoka sokoni tu, mngejua kwamba "haya" ile ilikuwa baridi kiasi gani.

Aliniambia habari ya samaki tukiwa bado tumesimama vile, lango kati yetu. Mwaka uliotangulia wezi walikuja na konzi ya ndagala, wale dagaa wa ziwani, waliotiwa sumu. Mbwa aliyekuwepo wakati huo alikuwa mpole, akala, na asubuhi akakutwa amekauka kando ya kisima. Wezi walichukua bamba la umeme wa jua na cherehani ya mama. Alipopata huyu, angali mtoto, yaya alimfundisha kwa njia yake. Kila siku alimwomba mtu asiyejulikana pale nyumbani amnyoshee mbwa ndagala, na yeye mwenyewe alitoka jikoni na mwiko akipiga kelele, "Mwizi! Mwizi!" Baada ya miezi michache, mtu yeyote aliyefika na samaki mkononi alikuwa mwizi. Kwa hiyo mimi, ndugu mwema mwenye zawadi, niliingia nyumbani kwetu kwa mlango wa wezi.

"Sasa sikia," alisema. "Mutoto wangu iko karibu kuzaa, kule Nyunzu. Jumamosi ninapanda treni. Nitakaa mwezi, pengine miwili. Nilikuitia ile."

"Nibaki na nyumba?"

"Kama mbwa itakubali. Mimi siwezi kuacha mbwa na muntu wenye anaogopa, ao muntu wenye mbwa inamuchukia. Utakula nini, utatokea wapi? Kama mpaka Ijumaa haijakukubali, ufunguo nitamupa katekista wa kanisa yetu."

Alisema katekista kama vile katekista alikuwa ndiye mtoto wa pili wa mama yetu. Nilisimama nje ya lango la nyumba nilimozaliwa, na kati yangu na ufunguo kulikuwa na mbwa mmoja na siku nne.

*

Nyumba ya jirani, ng'ambo ya njia, ni ya ukoo wa Waislamu ambao babu zao walifanya biashara ya ziwa tangu zamani. Binti wa nyumba ile tulilingana umri. Tulianza shule mwaka mmoja, tukaiba maembe mwaka mmoja. Sasa ni mama wa watu wazima, anakaanga vitumbua alfajiri na kuvipeleka nyumba kwa nyumba kwenye beseni lililofunikwa kitambaa. Aliona yote kutoka barazani kwake, na alipomaliza kucheka akanipa godoro kwenye depo ya mumewe, katikati ya magunia ya chumvi.

"Kumbe umefunga safari yote hii uje ulale na chumvi," alisema. "Pole, Papa mugeni."

Siku ya pili nilitumia ujuzi wangu wote. Nilipiga mluzi, nikatoa mlio wa ulimi. Dereva mmoja wa lori aliwahi kuniambia kwamba mbwa unamtazama machoni mpaka yeye ashushe macho, basi nikasimama langoni, nikamkazia macho. Hakushusha. Manyoya ya mgongo yalisimama kutoka shingoni mpaka mkiani, midomo ikapanda, na mlio ukatoka ndani ya kifua chake, wa chini sana, kama injini ya boti inayokataa kuwaka. Huo mlio ni wa kuheshimu. Mbwa anayebweka bado anazungumza nawe. Anayenguruma vile amemaliza maneno. Nilirudi nyuma polepole, bila kukimbia. Hilo angalau nililijua.

"Wewe unapiga hodi kama polisi, halafu unaangalia muntu kwa macho kama askari wa barabarani," jirani alisema nyuma yangu, beseni kichwani. "Nani atakufungulia?"

"Wewe unapitaje?"

"Mimi na ile mbwa tuko na mapatano. Simama pale uone. Na unyamaze."

Nilimwangalia, na kwa kweli sijawahi kuona heshima kama ile kati ya mtu na mnyama. Mate ya mbwa yakimgusa nguo hawezi kuswali nazo mpaka azifue, na maji yenyewe ni ya kuteka na kubeba. Lakini hakuwa na hofu wala chuki. Alisimama hatua nne kutoka langoni, akageuza mwili akaonyesha bega badala ya kifua. Beseni alilishusha upande wa mbali. Macho yalitazama chini, kama mtu anayetafuta sindano. Akasema kwa sauti ya kawaida, bila kuipandisha kama tunavyofanya kwa watoto:

"Jambo, mwenye nyumba. Ni mimi na vitumbua vyangu. Mwenzako yuko?"

Mbwa alikuja mpaka kwenye upenyo wa lango, akavuta hewa mara tatu. Mkia ulikuwa katikati, haukusimama wala haukufichwa, ukitikisika taratibu. Jirani hakunyosha mkono. Alingoja. Mbwa aliposogea nyuma na kulala ndipo na yeye akasogea mbele. Yaya alitoka, akapokea vitumbua sita, na hakuna aliyemgusa mwenzake.

"Unaona?" alisema aliporudi. "Mimi sitaki aniguse, na yeye anajua. Muntu wenye hataki kukugusa, wewe unamuogopea nini?"

Nilicheka, lakini maneno yale yalikaa nami. Maisha yangu yote nilidhani urafiki na mbwa ni mkono kichwani. Sasa nilimfikiria mbwa akiuona ule mkono: kitu kinashuka kutoka juu, kutoka kwa mtu asiyemjua, kuelekea mahali ambapo macho yake hayafiki. Mimi mwenyewe ningeuma.

*

Jumatano nilikaa. Kwa mtu kama mimi neno hilo si dogo. Tangu nimalize shule ya sekondari sijakaa mahali pamoja mpaka mvua zikarudi mara mbili. Nimevuna mahindi Nyunzu, nimebeba mizigo bandarini Kigoma, nimechimba mitaro Bendera karibu na mitambo ya umeme. Kila mahali, siku ilipofika, miguu iliwasha nikaondoka. Sasa nilichukua kigoda cha jirani, nikakiweka hatua nne kutoka langoni, ubavu ukielekea nyumbani, nikatazama barabara.

Yaya aliliacha lango wazi upana wa kiganja, akalifunga kwa mnyororo. Mbwa alibweka mpaka akachoka, akanyamaza, akabweka tena. Mimi nilikaa. Na kwa kuwa sikuwa na kitu cha kufanya, nilikumbuka.

Nilikumbuka mbwa wa enzi zetu, waliolala katikati ya njia na pikipiki, zilipokuwa chache, zikawazunguka. Hakuna aliyejua kwa hakika nani ni wa nani. Nilikumbuka mama akianika ndagala kwenye mchanga, samaki wakimeremeta kama vipande vya bati, na mbwa wetu mweusi akilala pembeni kuwafukuza kunguru. Mbwa yule hakula hata mmoja mpaka mama aliposema, "Haya, yako," na alimsemea kwa sauti ileile aliyotusemea sisi mezani. Mama alikuwa na sauti moja tu. Alimsalimia chifu nayo, na mwenda wazimu wa soko nayo, na mbwa nayo.

Nilikumbuka pia harufu ya jiko lake: makaa, sombe, yaani kisamvu, inayochemka, sabuni. Upepo wa ziwa ulipogeuka mchana, harufu ileile ilitoka kwenye upenyo wa lango. Yaya alikuwa anapika. Sijui kama mbwa husikia harufu ya mtu anayetaka kulia. Nilipogeuza kichwa kidogo, pua yake ilikuwa kwenye upenyo, inavuta hewa kuelekea kwangu.

Sikusogea. Mkono wangu ulikuwa umening'inia kando ya kigoda, vidole vimekunjwa, na niliuacha hapohapo. Alivuta hewa kwa muda mrefu, kama anayesoma barua. Ningemwita, ningeharibu. Basi yaya akatoka jikoni.

"Unakula?" aliniuliza.

"Nitakula, yaya."

"Jirani atakuletea."

Mara moja mbwa aligeuka akanibwekea kama siku ya kwanza, mate yakiruka.

Alhamisi ikawa vilevile. Tulipokuwa wawili, mbwa na mimi, kulikuwa na amani. Alifika mpaka akalala upande wake wa lango, mgongo kwangu, na mbwa anayekupa mgongo amekupa kitu. Lakini yaya akitoka na kunitupia neno, amani ilivunjika. Nilimlalamikia jirani. Alikuwa ameketi akichuja unga wa mchele, na hakuinua macho.

"Ile mbwa haina shida. Yaya yako njo anakubwekea."

"Ananibwekea?"

"Mbwa inasikia sauti ya mwenyewe. Kama mwenyewe anakusemesha kama mudai, mbwa itasema wewe ni mwizi. Kila muntu anajua ile. Sasa mimi nikuulize. Ulipofika Jumatatu, ulisema nini pale langoni?"

"Hodi."

"Hodi! Na samaki!" Aliacha chekecheke. "Mama yenu tulimulia sisi. Mimi nilikaanga vitumbua vya kilio siku tatu, macho imevimba. Muntu wenye hakuwa kwenye kilio anakujaka namna gani?"

Nilijua anavyokuja. Kila mtu wa ufukwe wetu anajua, Mkristo na Mwislamu. Aliyekosa mazishi haingii kwanza. Anasimama nje, bila mzigo, anasema pole, halafu anasema habari ilimkuta wapi na ni nini kilimzuia. Wa ndani wanamjibu. Ndipo anapewa maji ya kunawa uso, ndipo anaingia. Nilikuwa nimeona watu wazima wakifanya hivyo tangu nikiwa mdogo, na mwenyewe nilisukuma lango nikisema nimefika.

Nadhani sikusahau. Nadhani niliruka, kama mtu anavyoruka tope.

*

Ijumaa asubuhi niliacha koti depo, pamoja na begi. Nilienda mikono mitupu. Yaya alikuwa anafagia uwanja, na mbwa alikuwa amelala kwenye kivuli cha jiko. Nilisimama hatua nne kutoka langoni.

"Pole, yaya," nilisema. "Pole na mama."

Fagio lilisimama. Mbwa aliinuka.

"Habari ilikukuta wapi?" Aliuliza kwa maneno yaleyale ya desturi.

"Bendera. Tulikuwa mtaroni. Msimamizi aliniletea simu yake."

"Halafu?"

Kwa miaka mitatu nilikuwa nikisema barabara ilikuwa mbaya. Nilimwambia yaya hivyo kwa simu, nikawaambia watu wengine, mpaka nikaanza kuamini. Na barabara ilikuwa mbaya kweli, ilikuwa msimu wa mvua.

"Nilipanda lori siku ileile," nilisema. "Likakwama. Tukalala njiani. Asubuhi likatolewa, watu wakapanda, na mimi sikupanda. Nilikaa kando ya njia nikaliangalia linaondoka. Nilifikiri nikifika nitamkuta mama chini ya shuka, na wewe utaniangalia. Nikarudi Bendera kwa miguu."

Mbwa alikuwa amefika langoni. Alinitazama mimi, akamtazama yaya. Hakubweka. Sijui mbwa anaelewa nini, lakini nilimwona akingoja jibu kama nilivyongoja mimi.

Yaya aliketi pale pale chini, kwenye vumbi alilokuwa akifagia.

"Ulirudi kwa miguu?"

"Kwa miguu."

"Mjinga we." Alikuwa analia. "Mjinga kabisa. Mimi nilikuwekea nafasi kwenye mukeka siku tatu. Kila muntu alitaka kukaa pale, ninamufukuza. Ninasema, mudogo wangu anakuja, iko njiani. Wanaangaliana."

"Pole, yaya."

"Pole na wewe, mudogo. Na wewe ulikuwa na mama." Alijifuta pua kwa kitenge. "Habari ya huko kote ulipotembea? Afya? Uliugua? Ulikula? Habari ya Mpala, habari ya ziwa?"

Nikamjibu moja moja. Salamu ilikuwa ndefu, kama zile za zamani, na mimi nikauliza zangu: binti yake, mimba, magoti yake, paa, kisima. Ilichukua muda mrefu kiasi kwamba mbwa aliketi, kisha akalala, kidevu juu ya miguu ya mbele, macho yakihama kutoka kwake kwenda kwangu.

Yaya alileta kikombe cha maji. Alifungua mnyororo.

"Usimuangalie. Ingia pole pole. Usimushike kichwa."

"Nimefundishwa."

"Na nani?"

"Na mtu asiyetaka kumgusa."

Niliingia ubavu mbele, nikasimama. Nilinawa uso, na maji yakatiririka shingoni. Mbwa alinizunguka kwa nyuma, na hapo ndipo pagumu, kumwachia mgongo. Nilihisi pua yenye ubaridi nyuma ya goti, kwenye kisigino, kisha kwenye vidole vilivyokunjwa. Ulimi ukapita mara moja juu ya kidole gumba. Nilichuchumaa taratibu, bado upande upande, na yeye akaleta kifua. Nikamkuna kifuani kwa vidole viwili, nikahesabu mpaka tatu, nikaacha. Alisogea akaomba tena.

"Eee," yaya alisema. "Sasa inakuwa aibu. Mimi nilimulisha tangu mutoto, angalia."

Kutoka ng'ambo ya njia sauti ya jirani ilipaa: "Nilishinda! Mimi nilisema mudogo yako, wewe ulisema njo katekista!"

*

Treni ya Jumamosi ilitoka Jumapili, kama kawaida yake. Nilimsindikiza yaya na mizigo yake, unga, nguo za mtoto, na dumu la mawese. Alinipa ufunguo bila hotuba. Alisema tu kwamba mbwa hula saa kumi na moja, kwamba ndagala anawekewa kwenye sahani wala hapewi kwa mkono, na kwamba watoto wakija kuchota maji nisimame kati yao na mbwa mpaka awajue mmoja mmoja, hata kama wanacheka.

Niliporudi peke yangu, nilisema jambo langoni kabla ya kugusa kitasa. Mbwa alikuja, akaninusa, kisha akanipita akachungulia njia. Alikuwa anamtafuta mwingine. Alikaa pale akitazama upande wa kituo cha treni, na sikumwita. Nilileta kigoda, nikaketi hatua chache kutoka kwake. Wengi wamenisubiri mimi hivi, nikawa sijui kunakuwaje. Kunauma, na ni kimya.

Mchana ulipokuwa mkali alikata tamaa, akaingia nyumbani nyuma yangu, akajinyosha juu ya kizingiti, mwili wote, akalala. Nilikuwa nimepanga kushuka ufukweni kuona maboti yanayotoka. Miguu ilikuwa tayari imeanza kuwasha. Ili nitoke ningelazimika kumruka, na mbwa aliyelala harukwi, anaamshwa kwa sauti kwanza. Nilifungua kinywa nimwambie anipishe. Nilimtazama anavyopumua. Nikafunga kinywa, nikaenda jikoni kuosha sombe.